Hizo tembe za kifafa usizinunue kabla moyo wa mdogo wako haujapimwa

Usiende duka la dawa kesho. Umesema mdogo wako wa miaka 19 alianguka akiwa mbioni uwanjani, mikono ikatupatupa kidogo, kisha akaamka. Umesema kabla ya hapo aliwahi kuanguka vivyo hivyo akikimbilia matatu. Kliniki ya mtaani imeshaamua ni kifafa na kumwandikia carbamazepine, nawe unauliza skani ya kichwa ni pesa ngapi, kama anaweza kurudi chuoni, na kama Jumamosi anaweza kucheza fainali ya mtaa. Halafu chini kabisa, kama jambo la kupita, ukataja kwamba mjomba wenu alilala mzima akafa usingizini akiwa na miaka 31. Ningekuwa karibu nawe ningekushika mkono. Hilo la mjomba ndilo lingekuwa mstari wa kwanza! Jumamosi asicheze. Na asimeze tembe hata moja kabla ya kupimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Nasema hivi kwa sababu carbamazepine ilikaribia kuniulia mama.

Mamangu alikuwa akiuza mandazi Umoja. Alianza kuanguka ghafla, bila kizunguzungu, bila kuona giza, yaani anaongea na mteja na mara yuko chini. Akiwa chini mwili ulitetemeka sekunde chache. Majirani wakaleta kitunguu cha kunusishwa, mmoja akataka kumtia kijiko mdomoni. Tukampeleka kliniki. Daktari aliuliza swali moja tu: alitetemeka? Tukasema ndiyo. Basi, kifafa. Hakumshika mkono kuhesabu mapigo. Hakuuliza kama alijing'ata ulimi, wala alichukua muda gani kujua yuko wapi alipoamka, na mama alikuwa akiamka palepale anatuita kwa majina na kuuliza kama mandazi yameungua. Akatuandikia dawa, akasema ni za maisha, akatutuma skani ya kichwa. Pesa za chama zote zikaishia pale. Skani ikatoka safi, naye akatuambia kifafa mara nyingi hakionekani kwenye skani. Ni kweli, mara nyingi hakionekani. Lakini jibu hilo lilitufunga mdomo wakati bado tulikuwa na maswali.

Baada ya kuanza dawa, mama akazidi kuanguka. Tukarudi, dozi ikaongezwa. Ikaongezwa! Mgonjwa anazidiwa baada ya dawa, na jibu ni kumpa zaidi ya dawa ileile. Siku moja akaangukia karai la mafuta yaliyokuwa yakichemka. Mkono wa kulia uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole.

Aliyemwokoa ni muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda. Alimshika mkono mzima, akatazama saa, akahesabu dakika nzima, akanyamaza, akahesabu tena. Mapigo 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Alimpeleka mwenyewe kwenye mashine ya ECG, na kwa dakika chache tatizo lilikuwa limechorwa kwenye karatasi: umeme wa vyumba vya juu vya moyo haukufika vya chini. Njia ilikuwa imekatika, na vyumba vya chini vilikuwa vinajipigia vyenyewe polepole. Vikisita kidogo tu, damu haipandi kichwani na mama anadondoka. Ubongo ukikosa damu sekunde kadhaa, mwili unaweza kutetemeka. Hicho ndicho yule daktari wa kliniki alichokiita kifafa.

Sasa sikiliza. Carbamazepine yenyewe inaweza kupunguza kasi ya umeme kwenye njia hiyohiyo. Karatasi ya maelezo ya dawa inasema mtu mwenye njia iliyoziba hivyo asipewe. Kwa hiyo kila tembe aliyomeza mama asubuhi na jioni, kwa uaminifu, ilikuwa inaubana moyo ambao tayari ulikuwa umebanwa. Yule daktari nina hasira naye mpaka leo. Wagonjwa walikuwa wengi, sawa, lakini kuhesabu mapigo ni dakika moja na hakuhitaji mashine. Mama aliwekewa betri ya moyo kifuani, dawa za kifafa zikasimamishwa na daktari wa moyo, na hajaanguka tena. Vidole viwili havikunjiki.

Ya mdogo wako huenda si hiyo ya mama. Kijana anayeanguka katikati ya mbio, na nyumbani kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, daktari mzuri anafikiria kwanza misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, au moyo unaochelewa kujichaji kati ya pigo na pigo, kile wanachokiita QT ndefu. Yote mawili hurithiwa. Unamkumbuka Marc-Vivien Foé, mwanasoka wa Kamerun aliyeanguka uwanjani Lyon akafariki, Juni 2003, kwenye nusu fainali dhidi ya Kolombia? Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa.

Wengi wanaozimia hawana ugonjwa wa moyo, hilo nakubali. Jua kali kwenye paredi, njaa, kuona damu, kusimama ghafla, kukosa maji mwilini, dawa za presha. Lakini hao kwa kawaida huonywa: jasho la baridi, kichefuchefu, macho kuingia giza. Anayezimika mbioni bila onyo, au akiwa amelala, au baada ya moyo kwenda mbio, huyo anapimwa moyo haraka iwezekanavyo. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayezimia huku tumbo likiuma anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, maana mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

ECG ikitoka safi, usikubali kurudishwa nyumbani na maneno "hakuna kitu". Hitilafu huja na kuondoka. Sema wazi kwamba alianguka akiwa anakimbia na kwamba mjomba alifia usingizini. Omba eko, ile picha ya moyo, na kifaa cha Holter, cha kuvaa saa 24 kikirekodi umeme wa moyo. Piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi kabla ya kupanda matatu. Nenda na mchezaji aliyemwona akianguka, kwa sababu mdogo wako mwenyewe hajui kilichotokea. Kama kuna aliyerekodi kwa simu, video hiyo ina thamani kuliko skani unayoitafutia pesa.

Na akianguka tena: alazwe chini, miguu iinuliwe, kijiko kisiingie mdomoni, asimwagiwe maji. Kama hapumui kawaida, mtu aanze kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari.

Karatasi ya ECG ikitoka, ipige picha palepale kabla haijaingia kwenye faili, na uombe nakala yake. Kila daktari mtakayemwona baadaye ataitaka.