Kubadilisha Redio ya Corolla ya Zamani na Kuongeza Amplifaya

Ndugu, umeuliza kutoka Kisumu kwa nini redio ya Corolla yako iliyotoka Japani haishiki stesheni zilizo juu ya 90, na kama unaweza kuibadilisha mwenyewe na kuongeza amplifaya. Redio yako si mbovu: ilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani ya wakati huo, megahazi 76 hadi 90, ilhali ya Kenya ni 87.5 hadi 108. Vipo vifaa vya kushusha masafa, lakini mimi ningeing'oa tu, kwani navyo huleta mikwaruzo.

Kwanza chomoa terminali hasi ya betri. Kwa kawaida waya wa njano wa redio mpya huunganishwa na umeme usiokatika, mwekundu na ule unaokuja ufunguo unapozungushwa, na mweusi na bodi. Ukibadilisha nafasi za njano na nyekundu, redio itasahau stesheni kila uzimapo gari. Rangi za waya za gari lenyewe usiziamini. Pima kwa mita.

Kwenye amplifaya ndiko usikopaswa kubana pesa. Waya wake wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya huo usishike moto ukichubuliwa na bati unapopenya tunduni kutoka upande wa injini kuingia ndani ya gari. Tundu hilo livishe mpira. Waya wa bodi ufunge mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, na nyaya za sauti zipitishe upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme, la sivyo utasikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta.