Ngoma itapigwa tu, mimi nauliza kuhusu maneno

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mashindano ya muziki ya shule yanaokoa ngoma zetu za jadi au yanaziua. Baba yangu alikuwa Mwidakho na mama yangu Mwisukha, jamii mbili za Waluhya wa magharibi mwa Kenya, kwa hiyo ngoma ninayoweza kuisemea ni isukuti peke yake. Za Wagiriama na Wapokomo watazisemea wenyewe. Jibu langu ni kwamba yanaziua, na sababu ninazo.

Mtoto wa dada yangu alikuwa kwenye timu ya shule yao, nami nikaenda kuwatazama. Waliingia kwa mistari miwili, sketi za makonge zimekatwa kimo kimoja, wakatabasamu wote kwa pamoja. Isukuti gani huingia kwa mstari? Isukuti ninayoijua hutokea barabarani na vumbi lake, ina mlevi mmoja mbele anayedhani yeye ndiye kiongozi, na mabibi wanatoka nyumbani kuilaki. Pale ukumbini kulikuwa na meza, waamuzi, kalamu na saa. Ngoma ilipoanza kukolea, dakika zikawa zimekwisha. Nusu ya wale watoto hawakuwa hata Waluhya, na hilo halinisumbui. Kijana wa Kisii aliyeshika ile ngoma ndogo aliipiga kuliko binamu zangu wengi.

Kwetu hakuna asiyekumbuka 2014, UNESCO ilipoiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mila za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilikuwa zimeandikwa humo tangu 2009, na baada yetu wakaja Wamaasai 2018 na mila za Kit Mikayi, mwamba mtakatifu wa Waluo, 2019. Tulishangilia kana kwamba tumeletewa barabara ya lami. Wachache walisoma sababu zilizotolewa: wapigaji wengi ni wazee, warithi wamepungua, pesa za ala na mavazi hazipo, na watunzi wanaona heri wafuate muziki unaouzika. Mtu hashangilii kuandikwa kwenye orodha ya namna hiyo. Lakini tulishangilia, na isukuti ndiyo iliyopigwa.

Sasa niwaeleze mazishi ya khotsa wangu, kaka yake mama, kwa sababu tangu nisome swali lenu ndiyo ninayoyafikiria.

Khotsa alikuwa mpiga isukuti kubwa. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huandamana na pembe ya swala na njuga. Ile yake aliichonga mwenyewe kutoka gogo la mukomari, akaiwamba ngozi ya kenge kwa vigingi vya mti, akawa anaibeba chini ya kwapa kama kwamba haina uzito. Siku za kazi alichuma chai. Jumamosi alfajiri ungemsikia akisindikiza fahali kwenda Malinya kupiganishwa, na watu wa huko wanajua kwamba fahali asiyesindikizwa kwa isukuti huenda amenuna.

Alipougua alibatizwa. Kanisa lililombatiza halitaki ngoma, na hapo ndipo kamati ya mazishi ilipoingia matatani. Wazee wa Isukha walitaka shilembe, fahali waletwe nyumbani kama inavyostahili mzee wa rika lake. Mchungaji akasema fahali wasikaribie hema. Tulibishana jioni mbili, chai ikipoa, na mwishowe ratiba ikapigwa chapa hivi: kuangalia mwili, kisha isukuti dakika kumi, kisha wasifu wa marehemu, kisha salamu za viongozi, kisha neno. Mzee mmoja aliisoma ile karatasi akauliza kama marehemu naye amepewa dakika ngapi.

Siku yenyewe ikafika. Wapigaji walikuwa wazee wawili wa rika lake na vijana wanne, mmoja wao mjukuu wake. Walianza polepole karibu na jeneza. Mama mkubwa, dada yao wa kwanza, akasimama na fimbo yake, akaanza kuita.

Sijui nitawaelezaje waliozoea isukuti ya jukwaani. Pale ngoma haikuwa inamwongoza. Ilikuwa inamngoja. Alisema sentensi moja, ngoma ikaijibu, akanyamaza, ikanyamaza. Alimwita khotsa kwa jina la utotoni, halafu kwa rika lake la tohara, halafu kwa majina ya fahali wake mmoja baada ya mwingine. Alimkumbusha baiskeli ya shemeji aliyoazima akairudisha bila gurudumu la nyuma. Akamuuliza huko anakokwenda nani atamkubali na madeni yale. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Akaanza kumtaja marehemu mkewe, akasema, "Umwambie kwamba kile kisima..." na hapo king'ora kikalia barabarani.

Mheshimiwa alikuwa amefika. Simtaji, maana kila wadi ina wake. Emsii akanyakua maikrofoni, akaomba makofi. Nikamwona mjukuu wa khotsa akigeuza shingo. Pembe ikalia, na ngoma zote tatu zikaondoka mbio kuelekea langoni, vijana mbele, wale wazee wawili wakiwafuata wakihema. Wakamlaki mheshimiwa garini, wakamcheza hadi hemani, naye akawatunza ipasavyo: noti za mia mbili kifuani, noti kwenye paji la uso, noti ndani ya ngoma. Picha zilipigwa nyingi. Mama mkubwa alibaki kando ya jeneza, fimbo mkononi, sentensi haijaisha. Alingoja. Kisha akatafuta kiti. Salamu za viongozi zilikula saa nzima na zaidi, na tulipouliza kuhusu isukuti mchungaji akatuonyesha ratiba: dakika kumi zilishatumika.

Habari ya kile kisima hatukuisikia mpaka leo. Nimemuuliza, hasemi.

Nilimfuata yule mjukuu nyuma ya jiko, nikawakuta wakigawana. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikamwambia, umemwacha babu yako ukakimbilia gari? Kwa hesabu ya ukoo mimi ni senje wake, yaani shangazi, kwa hiyo alisimama kwanza, akaweka ngoma chini, ndipo akajibu. "Senje, ngozi ya hii ngoma imenunuliwa na kampeni. Na kuka mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Alituambia, gari likiingia, kimbieni, jeneza haliendi popote."

Kuka ni babu, na ukimjua khotsa, huwezi kubisha. Ndivyo alivyokuwa akisema.

Nikamuuliza kama ni khotsa aliyemfundisha kupiga. Akasema hapana, kuka hakuwa na subira ya kufundisha, alikuwa anakupiga kofi la vidole ukikosea. Alijifunza shuleni, kwa ajili ya mashindano, na mwalimu wake alikuwa Mkamba.

Basi nimeandika mpaka hapa nikitaka kuonyesha jinsi jukwaa linavyoua, na shahidi wangu mwenyewe amenigeuka. Tuseme ukweli: isukuti inapigwa. Inapigwa harusini, inapigwa Malinya na Khayega fahali wakipigana, inapigwa uwanjani Ingwe, timu yetu ya AFC Leopards, wakicheza, hata wakifungwa. Wanasiasa hawawezi kufungua choo cha shule bila hiyo. Mcheza kwao hutunzwa, na vijana wetu wameona kwamba katika ngoma kuna senti. Mashindano ya shule yamekuwapo nchini tangu 1927, na pengine bila hayo kijana yule asingeshika hata ile ndogo. Siwezi tena kusema yanaua ngoma.

Kinachonikera hamkukiuliza. Ni ile sentensi ya mama mkubwa. Nani mwingine anaweza kusimama pale akamwita mtu kwa rika, kwa fahali, kwa deni na kwa mke? Nilimuuliza mjukuu naye akakiri kwamba wao wanajua viitikio. Ukiwapa kiitikio watakirudia mpaka jua lizame, marehemu awe nani, hata awe mtu wasiyemjua. Wajukuu wa kike, ambao ndio walipaswa kurithi, hawajui hata hivyo viitikio, na mmoja wao ana shahada ya muziki.

Kosa si lao. Sisi tulijifunza (nasema sisi, ingawa mimi niliokota makombo tu) usiku wa matanga. Mabibi walikesha kuzunguka moto, wewe msichana ukalaliana nao kwa baridi, na kati ya usingizi na usingizi ukasikia nani alikuwa nani. Siku hizi mwili unalala mochari mjini, unaletwa Ijumaa jioni, Jumamosi saa nane umeshazikwa kwa sababu mchungaji ana mazishi mengine. Usiku wenyewe ulichukuliwa na disko matanga, spika zikapigwa mpaka alfajiri, wasichana wakarudi na mimba, machifu wakapiga marufuku. Walifanya vema. Lakini marufuku ile haikubagua kati ya spika na bibi mwenye fimbo. Halafu ikaja korona 2020, mazishi ya watu 15, na familia nyingi zikaona kumbe inawezekana kumzika mtu kimya kimya na kwa gharama nafuu.

Mtasema, basi mrekodini mama mkubwa. Ilijaribiwa. Mwalimu mmoja alikuja nyumbani kwake na simu nzuri, akamwomba wimbo wa msiba wa kupeleka mashindanoni. Mama mkubwa akamkaribisha, akampa ndizi, kisha akauliza, "Nani amekufa?" Mwalimu akasema hakuna, ni kwa ajili ya watoto. Akamwambia basi hakuna wimbo. Kumwita maiti asiyekuwepo ni kumtafuta, na yeye hana mtu wa kutoa. Mwalimu aliondoka na wimbo wa kupalilia wimbi, nao nasikia ulipata nafasi ya pili.

Kwa upande mmoja namuunga mkono mama mkubwa kabisa. Maneno yale yalitungwa kwa ajili ya mtu mmoja na madeni yake, na kuyafanya ya watoto wa darasa la saba wenye sketi sare ni kichekesho. Kwa upande mwingine ana zaidi ya miaka themanini na ananiambia hivyo akiwa hana mrithi hata mmoja. Tangu 2016 nchi ina sheria ya kulinda maarifa na tamaduni za jadi ili mgeni asizichukue bila idhini ya jamii, na ni sheria nzuri. Ila kwetu hakuna mgeni anayetaka kuchukua habari za baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma.

Uamuzi wangu, basi, na mnisamehe kwamba si ule nilioanza nao: mashindano yaendelee. Hata waongezewe dakika, ngoma ipate kukolea kabla ya kukatwa. Ningependa pia watoto waulizwe wimbo wanaouimba unamhusu nani, na wakijua wapate alama, ingawa naona shida yake, kwa sababu mwamuzi atajuaje kama jibu ni la kweli? Watoto ni hodari wa kubuni. Na labda kubuni si vibaya. Mama mkubwa mwenyewe, dada zake wanasema, ile habari ya baiskeli ameiongezea chumvi.

La matanga sina hakika nalo. Kanisa likikubali mabibi wakeshe bila spika, na chifu akawaachia, nitawapeleka binti zangu hata wakinuna. Dakika kumi za ratiba ziondolewe, mwenye kuita aite mpaka amalize, na mchungaji apange mazishi yake mengine siku nyingine. Mheshimiwa naye aje, na noti zake aje nazo, maana ngozi ya ngoma ni ghali. Ila dereva wake azime king'ora kule sokoni, na yeye akae garini mpaka mama mkubwa afunge mdomo.