Usitundike akaunti yako kwenye namba ya simu

Mwaka jana nilipiga namba yangu mwenyewe ya zamani, akapokea mama mmoja. Nilimwamkia, nikamweleza: mama, namba hii ilikuwa yangu, nimebadilisha simu, akaunti yangu ya mchezo wa mpira imejifunga, na kode ya kuifungua imeingia kwako sasa hivi. Naomba unisomee tarakimu sita tu. Alinyamaza, nikasikia kelele za soko nyuma yake. Kisha akasema, "Apana, mutoto yangu. Balinikataza kupatia mutu kode." Akakata.

Alikuwa na haki. Wezi wa pesa za simu huanza kwa maneno hayo hayo. Ilinichoma, kwa sababu kikosi kile nilikijenga miaka minne, usiku kwa usiku, nikiwahi kabla umeme haujakatika. Lakini sim kadi ile niliiacha miezi mingi bila kuitia unite za kupigia, ikafutwa, namba ikauzwa upya. Namba ya simu tunaazimwa tu.

Kwa hiyo wadogo zangu wa Kamalondo na Katuba, hapa Lubumbashi, nawasihi: akaunti ikiwaruhusu, acheni kode za SMS, tumieni programu ya kode kama Google Authenticator. Unaiunganisha na akaunti mara moja kwa kuskani kile kimraba cha QR, na tangu hapo simu yenyewe inatunga tarakimu sita mpya kila sekunde 30. Kuzitunga haitaki mega za intaneti wala sim kadi.

Ila programu hiyo huhesabu kwa saa ya simu, na hapo ndipo sisi wa huku tunakwama. Kongo ina saa mbili, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Rafiki yangu alikuta simu yake inaonyesha saa ya Kinshasa, akaisogeza mbele kwa mkono. Kode zote zikakataliwa, akataka kufuta programu. Tukaingia kwenye mipangilio, tukairudisha saa ijiendeshe yenyewe, kisha tukachagua eneo la saa la Lubumbashi. Kode ya kwanza tu ikapita. Ukibadilisha eneo, saa ya dunia ndani ya simu, ile ambayo programu huhesabia, inabaki ile ile. Ukiisogeza kwa mkono, unaivuruga.

Neno la siri nalo lisirudiwe. Mwaka 2011 PlayStation Network, mtandao wa michezo wa Sony, ilivamiwa, taarifa za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini. Aliyetumia neno lile lile kwenye barua pepe alikuwa na milango miwili ya kuhofia. Na kwenye chumba cha kuchezea cha kulipia, tafadhali, usifungue barua pepe yako kabisa. Hujui nani atakaa kwenye kiti hicho baada yako.

Simu ikiibwa, programu ya kode inaondoka nayo. Ndiyo maana kwa akaunti yako ya Google, Google hukupa kode 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Usizipige picha ukaziacha ndani ya simu hiyo hiyo. Ziandike kwa kalamu. Zangu ziko kabatini kwa mama, katika bahasha moja na cheti changu cha ubatizo. Mbili nimeshazitumia, nimezipiga mstari.