Kikapu Kinachojaa Usiku

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nanunua vitu usiku, kati ya saa tano na saa saba. Mchana sikuwa na haja ya chochote. Lakini taa zikishazimwa na nyumba ikatulia, mkono uliifuata simu, na kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nimeshajaza kikapu cha mtandaoni na kulipa. Asubuhi nusu yake nimeisahau. Kifurushi kilipofika, kuna nyakati ilinibidi nikifungue ndipo nikumbuke niliagiza nini.

Siku moja nilikuwa natafuta cheti kabatini. Sikukipata, ila nilikuta nguo saba zikiwa bado na lebo zake, vipokea sauti viwili vinavyofanana kabisa, na taa ya mezani ambayo sikuwahi hata kuichomeka. Nikaketi sakafuni nikivitazama. Nilijisikia mzito, kana kwamba kila kimoja kilikuwa kinanidai.

Ushauri mwingi kuhusu matumizi huanza kwa kukaripia: unaiharibu dunia, acha mara moja. Mimi sikupona kwa kukaripiwa. Mtu anayejiona mbaya usiku ndiye huyohuyo anayetafuta cha kumtuliza, na hicho cha kumtuliza kipo palepale, kwenye simu. Kilichonifaa ni kuelewa ninatafuta nini hasa ninaponunua, na kitu hicho kimepitia wapi kabla ya kufika mlangoni kwangu.

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo watu wengi huijua kama kemikali ya raha. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zilisisimka tone lilipofika. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba tone hutanguliwa na ishara fulani, msisimko ulihamia kwenye ishara, na tone lenyewe likapita kimya. Niliposoma hayo niliuelewa usiku wangu. Raha yangu ilikuwa katika kupekua, kulinganisha rangi, kufuatilia mzigo umefika wapi. Kifurushi kilipotua mkononi, karamu ilikuwa imekwisha zamani, na mimi tayari nilikuwa natafuta nyingine.

Halafu kitu kipya hakiji peke yake. Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18, alisimulia jinsi joho jipya la kuvaa nyumbani lilivyofanya samani zake zote zionekane chakavu, akawa anazibadilisha moja baada ya nyingine. Alisema kwamba yeye ndiye alikuwa bwana wa joho lake kuukuu, lakini lile jipya limemfanya mtumwa. Mimi ilikuwa simu. Simu ilidai kava, kava likafuatiwa na kishikio cha gari, kisha vile vipokea sauti. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nakihitaji wiki moja kabla.

Upande wa mazingira, nilikuwa nimelielewa jambo kinyumenyume. Nilidhani uharibifu huanza pale kitu kinapotupwa, kwa hiyo nisipotupa niko salama. Sivyo. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba fulana moja ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi kushonwa. Ukitaka kuona maana yake, tazama Bahari ya Aral huko Asia ya Kati. Lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, hadi katika miaka ya 1960 maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalipoanza kuelekezwa kwa wingi kwenye mashamba, mengi yakiwa ya pamba. Leo sehemu kubwa ya ziwa hilo ni jangwa lenye chumvi, na vyombo vya wavuvi vimebaki vimekwama mchangani. Nguo za poliesta nazo hutokana na mafuta ya petroli, na kila zinapofuliwa huachia nyuzi ndogondogo za plastiki ambazo huishia mitoni na baharini. Na simu? Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayohusishwa nayo hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha hata mara moja.

Kwa hiyo zile nguo saba zilikuwa zimeshanywa maji yake. Kuzirundika kwenye mifuko na kuzitoa nje kusingeyarudisha. Nasema hivi kwa sababu nilikaribia kufanya hivyo: nilitaka kuondoa kila kitu mwishoni mwa juma moja, kisha ninunue vyombo vya mianzi na chupa za kioo ili nianze maisha mapya ya kutunza mazingira. Huko nako ni kununua. Chupa ya plastiki uliyo nayo ambayo bado ni imara ina unafuu kwa dunia kuliko ya kioo ambayo bado haijatengenezwa. Nilivaa zile nguo. Mbili ambazo hazikunikaa vizuri nilimpa mtu aliyezihitaji, ambaye nilimuuliza kwanza, maana kumtupia mtu mwingine mzigo wako na kuuita sadaka si haki.

Baadaye nilifuta namba ya kadi yangu kwenye kila programu ya ununuzi, nikazima matangazo ya punguzo, na simu ikawa inalala sebuleni. Hayo yalichukua dakika chache. Lililonibadilisha ni daftari. Kila nilipotamani kitu, nilikiandika pamoja na tarehe, saa, na neno moja la jinsi ninavyojisikia, kisha nikangoja siku 30.

Baada ya miezi miwili niliyasoma maandishi yale kwa mfululizo, na sikujali tena vitu vyenyewe. Niliangalia saa na yale maneno. Saa tano na nusu, nimechoka. Saa sita, mpweke. Saa sita na robo, mpweke. Jumapili, naogopa kesho kazini. Karibu kila kitu nilikuwa nimeshakifuta kwa kalamu kwa kuwa hamu ilipita yenyewe, lakini upweke ulijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Nilimpigia dada yangu, ambaye huwa zamu ya usiku na hupata mapumziko saa hizohizo, nikamwambia yote, mpaka habari ya lebo. Tangu hapo huzungumza naye mara mbili kwa wiki, wakati ambao zamani ningekuwa napekua bei.

Kama unanunua kwa siri, unakopa ili ununue, au umejaribu kuacha ukashindwa mara nyingi, daftari halitatosha. Mtafute mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Ni tatizo linalojulikana, na lina msaada. Na kama huna cha kutosha, ushauri huu haukuhusu. Usikubali mtu akutie hatia kwa kununua unachokihitaji.

Nimejifunza pia kuwaheshimu mafundi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu yangu ilikuwa inaelekea huko kwa sababu ya betri tu. Fundi aliibadilisha nikiwa nimesimama pale, na sasa naingia nayo mwaka wa tano.

Mwezi uliopita nilinunua viatu. Vilikaa daftarini siku 41, vimeandikwa asubuhi, na pembeni yake neno "soli". Vile vya zamani nilivipeleka kwa fundi mara mbili. Mara ya tatu akavigeuzageuza, akanirudishia akisema ngozi haishiki tena uzi. Vipya vilipofika nilivivaa mlangoni palepale, nikaenda navyo kazini.