Mtoto ana siku 18, kunyonyesha kumenishinda: je, nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, leo ana siku 18. Chuchu zimepasuka hadi zinatoa damu, na akianza tu kulia kwa njaa machozi yananitoka kabla sijamweka kifuani. Mavyaa wangu anasema Qur'ani imeamrisha miaka miwili, na mama anayempa mwanawe maziwa ya kopo ataulizwa siku ya Kiyama. Jirani yangu naye ananyonyesha, amejitolea kunisaidia kumnyonyesha wangu. Juzi usiku nilitamka kwamba ni bora ningekufa kabla ya kuzaa, na tangu hapo naogopa nimekufuru. Wala siswali, bado niko kwenye damu. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nianze na hilo ulilolitamka usiku, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko mtoto.

Ametangulia kulisema Bibi Maryam. Uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alisema, "Laiti ningekufa kabla ya haya" (Sura Maryam, aya ya 23). Tazama alivyojibiwa. Hakukemewa, hakuambiwa imani yake imepungua. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Kisha akapewa na udhuru wa kutosema na mtu yeyote siku ile. Huyo ni mwanamke bora, na alipofika ukomo wa nguvu zake Mola wake alimpa chakula, maji na kimya. Hukukufuru, mwanangu. Umechoka.

Sasa hiyo aya ya miaka miwili. Ni aya ya 233 ya Suratul Baqara, na mavyaa wako kaitaja kweli, ila kaishia njiani. Inasema mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, "kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha". Inaendelea: chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba, nafsi haikalifishwi ila kwa uwezo wake, na mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe. Mbele yake inasema wazazi wakitaka kumwachisha ziwa mapema kwa kuridhiana na kushauriana, hakuna lawama juu yao. Aya hiyo hiyo moja!

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walilichambua jambo hili kwa undani. Walimwajibisha mama kumnyonyesha mwanawe dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, kwa kuwa waliona mtoto anayategemea. (Wako bado wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Hilo ni kosa.) Baada ya dang'a, wakasema, akipatikana mwingine wa kumnyonyesha mtoto, mama halazimishwi. Gharama ya kumlisha mtoto ni ya baba. Kwa hiyo ukilazimika kutumia maziwa ya kopo, mimi sioni dhambi juu yako, na kuyanunua ni wajibu wa mumeo.

Lakini usikimbilie huko kabla ya kutafuta dawa ya maumivu, maana maziwa yako ndiyo bora kwake, na madaktari wanashauri miezi sita ya mwanzo anyonye tu bila kitu kingine. Mke wangu kwa mtoto wetu wa kwanza alikuwa akiuma ncha ya kanga kila mtoto akishika ziwa, nami nimekaa pembeni sijui la kufanya. Mkunga alipokuja alimtazama mara moja tu, akasema mtoto anakamata chuchu peke yake. Akangoja mtoto apanue mdomo, akamsogeza upesi hadi sehemu kubwa ya ule weusi ikaingia mdomoni, kidevu kimegusa ziwa. Siku chache baadaye ile kanga haikuumwa tena. Nenda kliniki wakutazame unavyonyonyesha, wampime na mtoto uzito.

Na uwaambie pia habari ya machozi. Huzuni ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na hupita. Ikivuka wiki mbili, kama yako, ni maradhi yenye tiba, na kutafuta tiba ni katika dini. Ukihisi unataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho: mwamshe mumeo muende hospitali saa hiyo hiyo.

Jirani yako, Mungu amlipe. Inajuzu, ila mambo mawili. Apimwe kwanza, kwa kuwa yako maradhi yanayopita kwenye maziwa. Na akinyonyesha mara tano, amekuwa mama wa mwanao kwa ziwa, na watoto wake wote ni ndugu wa mwanao, hawaoani. Andikeni, muwaambie jamaa wa pande zote mbili.

Kuhusu swala: mwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, haswali wala halipi swala hizo. Hujamwasi Mungu kwa kuacha alichokukataza. Dhikri na dua ziko wazi kwako hata mtoto akiwa kifuani. Damu ikikatika kabla ya arobaini, oga uswali, usingoje siku zitimie.

Mumeo naye nina neno naye, umpe asome. Bwana, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia kwenye swala na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kujua mama yake anavyoungulika moyo. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume anafanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Basi usiku huu mtoto akishanyonya mchukue wewe, umcheulishe, umbadilishe nepi, mama yake alale. Asubuhi mpikie uji wa pilipili manga. Na mama yako umzungumzie wewe, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi wake, umsomee aya yote mpaka mwisho.

Wallahu a'lam.