Siti Saba za Kweli: Nilivyoichagua Mazda CX-8 Nikaziacha X-Trail, Outlander na Prado

Ujumbe umeingia usiku wa Jumapili kutoka kwa msomaji wa Dodoma: "Kaka, nina watoto wanne na mama yangu naishi naye. Nina hela ya kuagiza gari moja tu la siti saba. X-Trail, Outlander, au hiyo Mazda unayojivunia kila siku?"

Nimecheka. Ndiyo, najivunia. Gari hili nimelitafuta kwa jasho, nimechekwa na ndugu kwa ajili yake, na Desemba limetupeleka Moshi na kuturudisha Dar, watu saba ndani. Acha nijivunie kidogo.

Kabla sijafika mbali niseme ninachokiamini: gari la siti saba hupimwa kwa siti ya mwisho. Siyo kwa taa, siyo kwa rimu, siyo kwa skrini. Zile siti mbili za nyuma kabisa ndizo unazolipia wewe na asizozilipia mwenzako aliyenunua la siti tano. Nenda ukakae kule wewe mwenyewe, mlango ufungwe, utulie dakika kumi. Ukitoka unajinyoosha mgongo, hilo ni gari la siti tano lenye pambo.

Sisi tulikuwa na Noah. Noah ni gari la heshima na simruhusu mtu alitukane hapa: milango ya kuteleza, siti ya tatu ya mtu mzima kabisa, spea kila kona ya Kariakoo. Kilichotushinda ni njia. Kwetu Mbezi ukiiacha lami unakutana na makorongo, na masika Noah ilikuwa ikisugua tumbo asubuhi na jioni. Mama watoto akasema sasa basi, tutafute kitu kilichonyanyuka. (Kama wewe unaishi kwenye lami na safari zako ni kanisani na shuleni, funga ukurasa huu, nunua Noah, ulale usingizi.)

Nilipotangaza kwenye familia kwamba natafuta gari, kila mtu akawa mshauri. Shemeji yangu, mtu wa Prado tangu ujana wake, alisema mbele ya kikao cha harusi kwamba mwanamume mwenye familia hununua Toyota, hizo nyingine ni za kujifurahisha tu, na Mazda ikiharibika utaigeuza banda la kuku. Watu wakacheka. Mimi nikanywa soda yangu. Sijasahau, na anajua sijasahau.

Nikaanza kuzunguka yadi nikiwa na kijana wangu wa kidato cha tatu, ambaye kwa urefu ameshanifikia. Yeye ndiye alikuwa futi yangu ya kupimia.

Tulianza na X-Trail ya Nissan, hii ya toleo la T32 iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2013. Siti ya katikati inasogea mbele na nyuma, jambo zuri. Tukaisogeza mbele, kijana akapenya nyuma, magoti yakawa karibu na kidevu. Tukairudisha kidogo ili na wa katikati apumue, magoti yakagoma kabisa. Muuzaji akasema, "Bosi, kule ni kwa watoto." Nikamuuliza watoto wa umri gani. Akaangalia simu yake.

Outlander ya Mitsubishi, ile ya petroli, inakuja na siti saba, sifa kwake. Lakini egemeo la siti ya tatu ni fupi, na pale miguu ilipotakiwa kwenda hapakuwa na pa kwenda. Honda CR-V ya 2018 ni gari zuri la kuendesha kuliko zote mbili, injini ya turbo ya 1,498 cc, ila siti saba zipo kwenye baadhi ya hizo za turbo tu. Ile ya haibridi ni siti tano. Siti zake za nyuma nazo ni za kubahatisha.

Sababu ya haya yote ni moja, na ukiielewa utaokoa wiki nzima za kuzunguka. Angalia umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Outlander ni milimita 2,670, CR-V 2,660, X-Trail 2,705. Hayo ni magari ya siti tano kwa mifupa yake, kisha mtu kiwandani akaambiwa aongeze mbili. CX-8 ni 2,930, sawa na CX-9 ambayo Mazda waliwauzia Wamarekani. Zaidi ya sentimita ishirini, na zote utazisikia kwenye magoti.

Na Prado? Nitasema, mawe yaje. Prado 150 ni mfalme wa njia mbovu, na kama shamba lako liko ndani kabisa ambako hata trekta linasita, mnunue mfalme. Ila limekaa juu ya chasi, sakafu yake iko juu, kwa hiyo abiria wa siti ya tatu anakaa kama aliyekalia kigoda. Mimi nilikaa. Shemeji hajawahi kukaa huko, yeye huwa ni dereva.

CX-8 tuliikuta kwa mtu aliyekuwa ameagiza ya kwake, akatukubalia tuiangalie. Kijana akaingia nyuma, akakaa, akatoa simu, akaanza kucheza gemu. Hakulalamika. Nikajua. Mazda wenyewe walisema siti ile imepimwa kwa mtu wa sentimita 170, na kwa mara ya kwanza nikaona maneno ya kiwandani yanafanana na kilichomo ndani ya gari. Ilitoka Japani Desemba 2017 ikiwa na injini ya dizeli peke yake, 2,188 cc, nguvu farasi 190, gia boksi ya otomatiki ya kawaida ya gia sita. X-Trail, Outlander na CR-V za petroli ni CVT, yaani gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua. Urefu wake ni mita 4.9, kwa hiyo pima geti lako kabla hujalipa. Tumbo liko sentimita 20 kutoka chini. Makorongo ya Mbezi sasa tunayapita tukizungumza.

Upande wa kodi, CX-8 inapigwa kidogo. Kwa TRA, gari lenye injini ya zaidi ya 1,000 cc lakini isiyozidi 2,000 cc, kama X-Trail ya 1,997, linatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5. Likivuka hapo ni asilimia 10. CX-8 imevuka. Outlander ya 2.4 nayo imevuka, ya 2.0 imepona. Lakini kinachoumiza zaidi ni uchakavu: gari likifikisha miaka minane tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 15, likizidi kumi ni asilimia 30. Watu wanakimbilia la bei rahisi la zamani, halafu uchakavu unakula ule unafuu wote bandarini. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, bure. Weka mwaka, weka aina, uone mwenyewe kabla hujamtumia mtu hela. Na kumbuka kila Januari gari linaongeza umri, hata likiwa bado liko juu ya meli.

Safari ya Moshi ndiyo iliyonimalizia mashaka. Tulipita Bagamoyo na Msata, tukala Segera. Mama mkwe alikaa siti ya katikati, kijana na binamu yake nyuma kabisa. Kila nikisimama nauliza, "Mama, umekaa vizuri?" Ananijibu, "Nimekaa, mwanangu, endesha tu." Baada ya Mombo hakujibu tena, alikuwa amelala. Kijana nyuma alilala mdomo wazi hadi Same. Malori yanayojikokota tuliyapita bila kulia wala kulazimisha, maana ile dizeli ina mvuto wa Nm 450 na inauanza chini kabisa, kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Tangi linabeba zaidi ya lita 70. Tulilijaza Dar, tukafika, tukazunguka Marangu kusalimia, na bado sikuhangaika kutafuta kituo.

Mizigo ndiyo shida, sitaficha. Ukinyanyua siti zote, buti linabaki na lita 239: mabegi mawili ya kati na kikapu, basi. Ukishusha za nyuma unapata 572, lakini hapo huna tena siti saba. Kurudi Dar mikungu ya ndizi ilipanda juu kwenye keria, imefunikwa turubai, na maparachichi yakakaa miguuni mwa watoto. Yeyote anayekwambia gari la aina hii linabeba watu saba na mizigo ya watu saba hajawahi kutoka Moshi mwezi Januari.

Shemeji alikuwepo Moshi. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akauliza, "Linakula ngapi?" Nikamwashia dashibodi asome mwenyewe. Kilomita 14 kwa lita, tukiwa saba. Akasema kompyuta za Kijapani hudanganya. Sawa, shemeji.

Sasa nikuhubirie kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia na kuanza kuitukana Mazda. Dizeli hii ina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, DPF kama mafundi wanavyoiita. Masizi yakijaa, kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili joto lipande na masizi yaungue. Shughuli hiyo inataka gari litembee, robo saa au zaidi, bila kusimamasimama. Ukiwa mtu wa foleni tu, unawasha, unatambaa, unazima, masizi hayaungui, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Oili haipungui, inaongezeka! Kwenye stiki, juu ya alama ya kujaa, kuna alama ya X. Ikifika hapo mwaga, weka mpya. Angalia stiki kila wiki. Narudia: kila wiki. Na oili iwe ile ya majivu machache, imeandikwa C3 kwenye kopo, siyo oili yoyote ya dizeli anayoipenda fundi.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia dawa ni kukata chujio lote, kama watu wanavyotoa masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, kwenye magari ya petroli. Nilichukua funguo zangu nikaondoka. Gari limetengenezwa na watu waliosoma, wewe unataka kulitibu kwa msumeno? Wazazi wenzangu, tunabeba watoto humo ndani. Tusipende njia ya mkato halafu tukasingizia mtengenezaji.

Kwa hiyo wewe ndugu wa Dodoma, kama kila siku unatoka mjini kwenda Mtumba kazini, dizeli itapata mwendo wake na utaifurahia. Kama ni shule, soko na nyumbani, tafuta CX-8 ya petroli. Zilianza kutoka mwishoni mwa 2018, injini ya 2.5. Kwenye matangazo ya Japani dizeli huandikwa KG2P na petroli KG5P. Spea usiogope kama mimi nilivyotishwa, injini ya dizeli ni ya ukoo mmoja na ile ya CX-5 na Atenza, ambazo zimejaa mjini. X-Trail ichukue kama watoto wako wote bado wako chekechea na hela ni ya kubana. Watakua, lakini hilo ni lako.

Kitu kimoja wauzaji wengi hawakisemi, mpaka umeshalipa. CX-8 nyingi, hasa zile za ngozi zenye picha nzuri, ni za siti sita: katikati zipo siti mbili zilizojitenga, nzuri kama za ndege, na mtu wa saba hana mahali. Ninyi mko saba, ukimhesabu na mwenzako. Usiangalie picha ya mbele, omba picha ya siti ya katikati ikiwa imepigwa kutoka mlangoni, kisha omba waandike idadi ya watu kwenye ankara kabla hujatuma senti. Muuzaji akikwambia, "Bosi, zote zinafanana," tafuta mwingine.