Misonobari isiyorefuka, mialoni na moto

SWALI: Nina eneo la mchanga karibu na Fayetteville, North Carolina. Miaka mitatu iliyopita nilipanda misonobari ya majani marefu, Pinus palustris, katikati ya mialoni mifupi. Mpaka leo miche ni mashungi tu kama nyasi, na baadhi ya majani yana madoa ya kahawia. Jirani anasema niimalize mialoni yote. Nifanyeje?
— Msomaji, Marekani

JIBU: Kuchelewa huko ni kawaida. Msonobari huu hukaa kama shungi la nyasi kwa miaka kadhaa, mara nyingi 2 hadi 7, huku ukishusha mzizi mkuu. Pima unene wa shina usawa wa ardhi: ukikaribia sentimita 2.5, mche u karibu kurefuka. Tazama pia kichipukizi cha katikati. Kikiwa kimefukiwa na mchanga, fukua taratibu kwa kidole, la sivyo mche unaweza kufa.

Madoa ni ugonjwa wa kuvu, nao hudumaza kweli. Ukishika kama theluthi ya majani, choma moto mwepesi majira ya baridi. Majani yenye vimelea huungua, kichipukizi husalimika ndani ya shungi. Lakini mche ukishaanza kurefuka, subiri uvuke mita 1.5 hivi; kabla ya hapo kichipukizi kiko usawa wa ndimi za moto na gome bado jembamba.

Jirani amezidisha. Katika mchanga mkavu, kivuli cha Quercus laevis, aina ya mwaloni mfupi, huisaidia miche kuvuka kiangazi, na wanyama hula mbegu zake. Ipunguze inaposongamana tu. Ukikata kwa panga pekee, visiki vitachipua tena. Moto wa Mei au Juni huidhoofisha mialoni kuliko ule wa baridi, tena huzifanya nyasi za Aristida zitoe maua na mbegu. Nyasi hizo na majani ya sindano yaliyoanguka ndivyo vinavyosambaza moto huo unaouhitaji, kwa hiyo usiyakwangue ukauze, hata kama yana soko zuri.

Kama pana misonobari mikongwe na hapajachomwa kwa miongo mingi, jihadhari na rundo la majani shinani. Moto hufuka humo kwa muda mrefu na kuua mizizi midogo. Choma eneo wakati rundo bado lina unyevu wa mvua, ili lenyewe lisishike moto.

Kibali cha kuchoma kinatolewa na idara ya misitu ya jimbo. Tafuta mchomaji mwenye cheti, na mlime ukanda wa udongo mtupu kuzunguka eneo kabla ya kuwasha.